UZI: Nicodemus, Kansas – mji wa wakulima weusi ulioisubiri reli, reli ikapita ng'ambo ya mto

Mzee wa Mataruma

Wakuu, salaam kwenu.

Naishi Kansas City mwaka wa tisa huu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Tabora, nimelelewa kwenye nyumba za kampuni, na mpaka leo nikifika mji wowote jicho linatafuta stesheni kabla ya kitu kingine. Mwezi uliopita nilichukua siku mbili za mapumziko nikaenda kuona mji ambao stesheni yake haikujengwa kamwe. Nimerudi na mambo mengi kifuani, acha niyatue hapa. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande.

Mji unaitwa Nicodemus, uko Graham County, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, kando ya barabara kuu namba 24. Leo watu wake hawafiki 30. Ukipita kwa mwendo wa kawaida na ukainama kuwasha redio, umeshaupita. Lakini mwaka 1887 mji huu ulikuwa na magazeti mawili, hoteli, maduka, shule, makanisa, daktari na wahunzi, na ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka 12 tu kabla ya hapo.

Safari yangu niliianzia Ellis, kwa sababu wao walianzia hapo. Ellis ni mji wa reli hasa. Kampuni ya reli ya Kansas Pacific iliweka karakana zake hapo. Walter Chrysler, yule wa magari, alikulia Ellis. Baba yake alikuwa dereva wa treni na yeye mwenyewe alianza kazi kwenye karakana za reli akiwa kijana. Nyumba yao ipo mpaka leo, imetunzwa.

Septemba 1877 zaidi ya watu 300 walishuka pale Ellis wakitokea Kentucky, wengi wao kutoka maeneo ya Georgetown na Lexington. Familia nzima nzima: wazee, watoto, akina mama wajawazito. Kutoka Ellis hadi eneo la mji wao mpya ni kama maili 35, yaani kilomita 56, na reli haikuwepo. Waliotafuta magari ya farasi ya kukodi waliyapata kwa shida, wengine walitembea. Siku mbili kwenye nyika isiyo na mti wa kukingia jua.

Mimi nimeiendesha njia hiyo kwa chini ya saa moja, kiyoyozi kinapuliza, na bado nilihisi upweke. Unapanda kilima kidogo, unaona nyasi na ngano hadi mwisho wa macho. Unashuka, unapanda kingine, unaona zilezile nyasi.

Nakuja na kipande cha pili.

---

binti_Mkwakwani

Mkuu nimevuta mkeka kabisa. Swali la haraka: nani aliwaambia huko kuna mji? Maana watu 300 hawaamki tu asubuhi wakaenda nyikani.

---

Mzee wa Mataruma

Swali zuri dada, na ndilo linalonipeleka kwenye kipande cha pili.

Aprili 1877 iliundwa kampuni iitwayo Nicodemus Town Company. Mwenyekiti wake alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi. Pembeni yake alikuwepo W. R. Hill, mzungu, dalali wa ardhi mwenye uzoefu wa kupima na kuuza viwanja, na mchungaji Simon Roundtree, mweusi, akiwa katibu. Walichukua eneo la ekari 160 wakalipima liwe mji. Hill na wenzake wakaenda Kentucky, makanisani, wakahubiri habari za Kansas. Vipeperushi vikasambazwa kwa "raia weusi wa Marekani", vikilisifia bonde la mto Solomon kwa udongo wake na nafasi zake.

Ili uelewe kwa nini maneno hayo yaliingia, utazame mwaka wenyewe. 1877 ndiyo serikali ya Washington iliacha kutumia askari wake kuwalinda watu weusi kusini. Kura zao zikawa hatarini, maisha yao vilevile. Na sheria ya mwaka 1862 ilikuwa inasema wazi kwamba raia yeyote anaweza kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali, akiishi humo na kulima miaka 5 inakuwa yake, ada ni ndogo. Mtu aliyelima ardhi ya mwingine maisha yake yote, akachapwa juu ya ardhi hiyo, unamwambia kuna ekari 160 zenye hati kwa jina lake. Hata mimi ningefunga mizigo.

Jina Nicodemus wapo wanaosema ni yule Nikodemo wa Yohana 3, aliyemwendea Yesu usiku akaulizia habari za kuzaliwa mara ya pili. Wengine wanasema ni hadithi ya mwana wa mfalme kutoka Afrika aliyeletwa kwa meli ya watumwa, akajinunulia uhuru wake mwenyewe. Maelezo yote mawili utayasikia ukienda.

Sasa walipofika. Kuna mama mmoja, Willianna Hickman, aliyekuja na kundi lililofuata, majira ya kuchipua ya 1878, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Watoto wa msafara walipata surua walipofika Ellis, baadhi wakafa na kuzikwa njiani. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa ndani ya gari. Wanaume waliokuwa mbele wakapiga kelele kwamba Nicodemus ile pale. Akainuka kwa furaha, akatazama kila upande, haoni kitu. Akamuuliza mumewe mji uko wapi. Mumewe akamwonyesha mioshi iliyokuwa inatoka ardhini, hapa mmoja, pale mwingine, akamwambia ndiyo Nicodemus hiyo.

Watu walikuwa wanaishi chini ya ardhi. Hakuna miti ya mbao, kwa hiyo unachimba ubavu wa mwinuko, unapanga vipande vya udongo wenye mizizi ya nyasi kuwa ukuta wa mbele, unaezeka kwa matawi na udongo, unaacha tundu la moshi. Mama Hickman anasema alianza kulia.

Hapo ndipo nilipoketi chini kabisa, kwenye nyasi, wakuu. Nilijaribu kutafuta mahali ambapo mtu angesimama akaona mioshi ile.

---

Mwana wa Bonde

Hill si tapeli huyo? Anawatoa watu Kentucky anawaleta kwenye mashimo!

---

Mzee wa Mataruma

Waliofika Septemba walifikiri kama wewe. Inasimuliwa kwamba walikuwa na hasira ya kutaka kumnyonga, ikabidi ajifiche. Familia nyingi ziligeuza mara moja zikarudi. Baadaye Hill alianzisha mji wake mwingine magharibi zaidi, ukaitwa kwa jina lake, Hill City, na ndio makao makuu ya kaunti mpaka leo. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena kwenye habari ya reli.

Lakini nisimpe Hill nafasi kubwa kuliko anayostahili. Waliobaki ndio wenye hadithi. Walifika Septemba, msimu wa kupanda umepita, hawana plau, wanyama wa kukokota ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Walilima nyika ile kwa majembe ya mkono na sepetu. Oktoba hiyohiyo Emma Williams akajifungua mtoto wa kwanza wa mji, Henry, humohumo ndani ya shimo. Wakati wa baridi wanaume walikwenda kwa miguu hadi kwenye miji ya reli kutafuta vibarua. Wanawake na watoto wakaokota mifupa ya nyati iliyotapakaa nyikani wakaiuza, maana ilisafirishwa kwa treni kwenda viwandani kutengenezwa mbolea. Na njaa ilipobana, kundi la Waosage waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda liliwagawia nyama. Wenyeji wa nchi ile, ambao nao walikuwa wanasukumwa kutoka kwenye ardhi yao, ndio waliowaokoa wageni wale. Nicodemus hawajasahau hilo.

Kwa hiyo hata kabla ya mji kuwa mji, reli ilikuwa inawalisha kwa mbali. Vibarua vilitoka kwenye reli, mifupa ilikwenda kwenye reli. Shida ilikuwa zile maili 35.

---

Dereva Bukavu-Wichita

Ndugu yangu, aksanti sana kwa hii habari. Mimi ni Mkongomani, naishi Wichita, na wakati wa mavuno nabeba ngano na lori huko Kansas magharibi. Niongeze kitu kimoja kwa wale hawajafika huku.

Kila mji mdogo wa Kansas una ile minara mirefu meupe ya simiti, maghala ya nafaka. Unaiona mbali sana kabla hujaona nyumba hata moja. Mwezi wa sita tunapanga foleni na malori. Unapanda kwenye mizani, mkono wa bomba unashuka toka juu, unachoma ndani ya ngano mara mbili ao tatu, unavuta sampuli. Mtu yuko ofisini anapima unyevu na uzito. Ngano ikiwa na unyevu mwingi wanakukata bei. Kisha unaenda kumwaga shimoni, unarudi kwenye mizani tena.

Ukiangalia vizuri, karibu minara yote ya zamani iko kando ya reli, ao mahali reli ilikuwa. Na umbali kati ya mji na mji ni mdogo, maili 6, 8, 10. Mzee mmoja mkulima alinielezea sababu: zamani mkulima alibeba ngano na farasi, ilipaswa aende, auze, arudi nyumbani jua halijazama. Kwa hiyo kampuni za reli zilipanga stesheni kufuatana na nguvu ya farasi.

---

Mzee wa Mataruma

Ndugu yangu wa Bukavu, umeniwahi, na umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Ngano ni nzito na bei yake kwa gunia ni ndogo. Ukiikokota maili 35 kwa farasi, siku mbili kwenda na mbili kurudi, unalala njiani, unalisha farasi, faida yote imeliwa barabarani. Mji usio na reli hauwezi kuuza. Na usipouza, mwenye duka naye hauzi, kwa sababu wateja wake ni wakulima walewale.

Sasa kipande cha tatu, miaka mizuri.

Waliinuka, wakuu. Mvua zilikuja vizuri miaka ya mwanzo ya 1880. Nyumba za udongo na mawe ya chokaa zikapanda juu ya ardhi. Zachary Fletcher akafungua posta na hoteli ya St. Francis, jengo lake la mwaka 1881 bado limesimama. Mkewe Jenny Fletcher alikuwa mwalimu wa kwanza, akifundishia ndani ya shimo lao la kuishi. Kanisa la AME, yaani Wamethodisti weusi, lilijengwa 1885, nalo lipo. Wafanyabiashara wazungu nao walikuja kufungua maduka, na watu waliishi pamoja bila makuu.

Akatoka pale mtu aitwaye Edward McCabe, mzaliwa wa Troy, New York, aliyehamia Nicodemus 1878. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha kuchaguliwa ngazi ya jimbo huko, na 1884 wakamrudisha tena. Piga hesabu: mwaka 1877 watu wako kwenye mashimo, miaka mitano baadaye mwenzao anakagua hesabu za jimbo.

Gazeti la kwanza, Western Cyclone, lilianza 1886. La pili, Enterprise, 1887. Magazeti haya yalikuwa na wimbo mmoja mkubwa: reli inakuja.

Na kweli kulikuwa na sababu ya kuamini. Union Pacific, iliyoimeza Kansas Pacific mwaka 1880, ilikuwa inatafuta njia za matawi. Santa Fe nayo ilitajwa. Missouri Pacific ilikuwa imeshafika Stockton, maili kama 20 tu mashariki mwa Nicodemus. Kampuni tatu kubwa za reli, na mji mmoja katikati yao. Kansas nzima ilikuwa kwenye homa. Kufikia 1890 jimbo lilikuwa na zaidi ya maili 8,000 za reli, na kila mji ulijiona ndio Chicago ijayo.

---

binti_Mkwakwani

Naona msiba unakuja. Endelea mkuu.

---

Mzee wa Mataruma

Kipande cha nne. Nakiandika polepole maana ndicho kilichonipeleka kule.

Kampuni za reli wakati ule hazikuja bure. Mji ulitakiwa kuonyesha fedha. Njia ilikuwa hii: wananchi wa kata wanapiga kura kukubali kutoa hatifungani, yaani kata inajiandikia deni. Kampuni ikijenga reli hadi mahali palipokubaliwa, inakabidhiwa hatifungani zile, inaziuza kwa wenye fedha mashariki, na wakulima wanalipa deni na riba yake kwa kodi ya ardhi, mwaka baada ya mwaka. Mji wa jirani nao unapiga kura yake, unaongeza dau. Kampuni inakaa pembeni inatazama nani atapanda zaidi.

Machi 1887 wapiga kura wa kata ya Nicodemus walikubali kuipa Missouri Pacific hatifungani za dola 16,000.

Tusimame hapo. Dola 16,000 za mwaka 1887, kwenye kata ya wakulima wa nyikani. Wengi wa waliopiga kura ile walizaliwa wakiwa mali ya mtu mwingine, wao ndio waliokuwa wakiwekewa bei. Sasa wanasimama kwenye foleni kama raia wenye ardhi, wanaweka ardhi ile rehani kwa hiari yao, kwa ajili ya kesho ya watoto wao. Nimewahi kusoma watu wanaosema mji ulikufa kwa kukosa mipango. Mipango gani tena zaidi ya hii? Kila kilichotakiwa na reli, walikitoa.

Baada ya kura mji ulichangamka. Viwanja vikapanda bei, watu wakajenga. Wapimaji walionekana wakipita na vyombo vyao. Gazeti likaandika wiki hadi wiki.

Halafu 1888 ikaja. Homa ya Kansas ilikuwa imeshaanza kushuka, ukame umeingia, fedha za mashariki zimekuwa ngumu. Missouri Pacific haikuvuka Stockton. Santa Fe haikuja. Union Pacific ndiyo iliyojenga, ikapitisha tawi lake kusini mwa mto Solomon kuelekea Hill City. Wafanyakazi wa reli wakapiga kambi ng'ambo ya mto, maili kama 6 kusini-magharibi mwa Nicodemus, na kambi hiyo ikawa mji, Bogue.

Maili 6 tu, wakuu. Kilomita 10 hivi.

Wenye maduka walielewa hesabu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mteja wao akishaipeleka ngano Bogue, hawezi kurudi na fedha mfukoni hadi Nicodemus kununua sukari na misumari. Ananunua palepale. Wakaanza kuhama, mmoja baada ya mwingine, wengine wakihama na majengo yao, maana nyumba za mbao ziliwekwa juu ya magogo zikakokotwa na farasi. Magazeti yote mawili yakafungwa. McCabe yeye alikuwa ameshaondoka, na 1890 akawa mmoja wa waasisi wa Langston, mji mwingine wa watu weusi, Oklahoma.

---

Mwana wa Bonde

Mkuu tusizungushe. Reli iliwakwepa kwa sababu ni weusi. Hill City ya wazungu imepata, Bogue imepata, Nicodemus imekosa. Hapo kuna la kujadili?

---

Mzee wa Mataruma

Nimelibeba swali lako barabarani saa tano nzima wakati narudi, ndugu yangu, kwa hiyo nijibu kwa uangalifu.

Kampuni za reli ziliacha miji mingi sana ya wazungu Kansas ikafa vilevile. Kuiruka miji iliyokuwepo na kuanzisha mji mpya kando ya njia ilikuwa biashara yenyewe: ardhi ya mji wa zamani ina wenyewe, ardhi ya mji mpya unaipima na kuiuza wewe. Kwa hiyo kuna sababu ya fedha tupu ambayo ingetosha kueleza Bogue hata kama Nicodemus wote wangekuwa Waswidi.

Lakini tazama upande wa pili. Mji wa wazungu ukirukwa, mwenye duka anafunga, anakwenda mji wowote, anapata mkopo, anaanza tena, na jina lake linasahaulika kama mtu aliyeshindwa. Mtu wa Nicodemus angekwenda wapi? Milango iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ya kuhesabika. Ile kata ndiyo ilikuwa mahali ambapo alikuwa karani, mwalimu, mwandishi wa gazeti, mpiga kura. Kwa hiyo maili 6 zilezile zilikuwa nzito zaidi kwake. Hapo ndipo mimi ninapoiona rangi kwa uhakika. Nia za wakubwa wa kampuni sizihitaji ili kuliona hilo.

---

Dereva Bukavu-Wichita

Na wakulima? Wenye duka walienda Bogue, nimeelewa. Lakini shamba halibebwi.

---

Mzee wa Mataruma

Ndugu yangu, hilo ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote.

Wakulima walibaki. Walikuwa na hati. Walivuka mto na ngano yao wakauza Bogue kama wengine, wakarudi nyumbani. Mji wa maduka ulikufa 1888, lakini jamii ya Nicodemus iliendelea miaka mingi mbele, na kwa muda ilizidi hata kukua. Kanisa la Kibatisti walilijenga upya 1907. Walikuwa na timu ya besiboli, Nicodemus Blues. Shule mpya ya mbao, nyeupe, ilijengwa 1918, na ukumbi wa kata wa mawe ya chokaa ukajengwa 1939, kwa mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi.

Kilichowapunguza kweli ni miaka ya 1930. Ukame, upepo uliobeba udongo wa juu, bei ya ngano chini kabisa. Shamba la ekari 160 halikuweza tena kulisha familia. Vijana wakaenda Denver, Topeka, Kansas City, California. Posta ilifungwa 1953. Na hili ni sehemu ya jambo kubwa zaidi: mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000; mwishoni mwa karne hiyo hawakufika hata 20,000. Mwaka 1999 serikali ilikubali kuwalipa wakulima weusi kwenye kesi kubwa ya kubaguliwa katika mikopo ya kilimo. Wengi walikuwa wameshapoteza mashamba au wameshakufa.

Bado kuna ardhi kuzunguka Nicodemus iliyo mikononi mwa wajukuu wa wale wa 1877. Veryl Switzer, aliyecheza mpira wa Kimarekani na Green Bay Packers, timu iliyomchukua mwaka 1954 akiwa wa nne kati ya wachezaji wapya wa nchi nzima, alikuwa mtoto wa familia hizo za kilimo, na aliendelea kumiliki shamba lake huko hadi uzeeni.

Tangu Novemba 1996 mji wenyewe ni eneo la urithi wa taifa, chini ya idara ya hifadhi. Yanatunzwa majengo 5: hoteli, makanisa mawili, shule, ukumbi. Niliingia ukumbini. Sakafu ya mbao inalia ukiikanyaga. Askari wa hifadhi, dada mpole, alinikaribisha, tukazungumza, kisha akaniacha peke yangu na picha za ukutani. Wazee wenye suti na minyororo ya saa kifuani, wanawake wenye kola ndefu hadi kidevuni, wamesimama mbele ya ukuta wa udongo na wamenyooka kama mishale.

Nje hakuna kelele yoyote isipokuwa upepo na lori moja moja la barabara kuu. Mitaa imebaki kama ilivyopimwa 1877, mingine ni nyasi tu. Niliutafuta ule mtaa ambao stesheni ingekaa. Kichwani nilishaijenga: jukwaa la mbao, tangi la maji, mnara wa nafaka, na pembeni nyumba za wafanyakazi kama zile zetu za Tabora.

---

binti_Mkwakwani

Mkuu umeniliza hapo kwa Tabora. Hivi kuna siku maalumu ya kwenda? Mimi niko Omaha, si mbali sana.

---

Mzee wa Mataruma

Wiki ya mwisho ya Julai dada. Kila mwaka wana sherehe ya kurudi nyumbani, na chimbuko lake ni sikukuu ya uhuru ya Agosti 1, siku ambayo watumwa wa visiwa vya Karibea vilivyokuwa chini ya Uingereza walitangaziwa uhuru mwaka 1834. Watu wa Nicodemus walianza kuiadhimisha tangu siku za mwanzo, na watoto wao waliotawanyika nchi nzima wanarudi kwa mamia. Kijiji cha watu wasiofika 30 kinajaa magari hadi barabara kuu. Kuna gwaride, kuna ibada, kuna chakula.

Jaza mafuta Stockton au Hill City, pale Nicodemus hakuna kituo. Beba maji. Na siku nyingine zozote ulizia kwanza saa za kufungua.

---

Mwana wa Bonde

Mkuu nimekuelewa, na nimekubali hoja ya uzito. Hiyo Bogue iliyowanyang'anya mji ikoje leo?

---

Mzee wa Mataruma

Ina watu wasiofika 200, ndugu yangu. Nao walifikiri wamepata.

---

Dereva Bukavu-Wichita

Wandugu, narudi kwa huu uzi kwa sababu leo nilipita kule na lori tupu, naelekea Hill City. Nilisimama Nicodemus, mbele ya ule ukumbi wa mawe. Nilifunga mlango wa lori polepole, sijui kwa nini, kama mtu anaingia kanisani. Nilisoma kibao, nikatembea hadi ile hoteli, nikarudi.

Kisha nikaweka saa ya simu na nikaenda Bogue bila kukimbiza. Dakika 7.